Mideva na Ngozi Iliyobaki

Mwaka ule wa bendera ya Uhuru, Iguhu yote haikuwa na mwanamke mnene kumshinda Mideva. Alipopita sokoni watu walimpisha, na si kwa dharau, maana mwili kama ule ulikuwa sifa ya boma zima. Mama mkwe wake, enzi za uhai wake, aliwaambia wageni: "Mtazameni mke wa mwanangu, kisha mseme kwetu kuna njaa." Vitanda viwili vilivunjika chini yake, na Cleophas, mumewe, alivitengenezesha upya kwa mbao za mvule huku akijisifu kwa fundi.

Ila Cleophas alikuwa mpigaji, na hilo nalo lilijulikana. Alikuwa askari jela kwa miaka kumi na minne, huko mbali. Alipostaafu alirudi na buti zake, mkanda wake na rungu jeusi ambalo hakuna aliyemuuliza kwa nini hakulirudisha. Serikali ilipokuwa ikibadilisha mikono, wakamfanya liguru, mzee wa kijiji, mtu wa kwanza kupelekewa kesi kabla haijafika kwa chifu. Mwanamke aliyepigwa kwake alikwenda kushtaki kwa Cleophas. Mke wa Cleophas akipigwa, je, angeenda wapi? Wanawe wawili walikuwa watu wazima, mmoja Kampala na mwingine Nairobi, nao walijifunza mapema kuandika barua fupi. Kaka yake Patroba alikuwa Kabras, safari ya siku nzima kwa miguu. Mara mbili Mideva alijaribu kwenda huko. Mara zote mbili Cleophas alimfikia kabla hajaiona barabara, akitembea tu, wala hakuharakisha.

Siku ya Uhuru watu wa Iguhu walikwenda Kakamega uwanjani. Ngoma za isukuti zilipoanza, wanawake walimsukuma Mideva mbele. Alicheza. Mabega yalitetemeka, mwili wote ukafuata, na umati ukapiga vigelegele hadi karani mmoja wa ofisi ya mkoa akatoka kwenye kiti chake akamvika leso shingoni. Mideva alicheka. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka mdomo wazi.

Cleophas hakusema neno walipopita Khayega. Hakusema neno walipofika Sigalagala. Walipoingia njia ya kwao, watu wengine wakiwa mbele na wengine nyuma, alimwambia, "Nipe hiyo leso." Mideva akanyoosha mkono kuivua, na rungu likatua juu ya sikio lake. La pili likampata mgongoni. La tatu lilivunja kitu ubavuni, akasikia kikilia ndani kama ukuni.

Akakimbia. Alihesabu hatua zake baadaye, mara nyingi: zilikuwa kumi na mbili. Ya kumi na tatu hakuipata. Pumzi ilikatika, mapaja yakasuguana, akaanguka kifudifudi kwenye changarawe na jino moja likabaki pale. Cleophas alimfuata polepole, akampiga mateke ya buti hadi alipochoka, kisha akawageukia watu waliosimama.

"Huyu hakimbiangi," akasema akipangusa jasho. "Mimi hata mlango sifungangi."

Baadhi ya watu walicheka. Liguru akichekesha, utafanya nini?

Mideva alilala wiki tatu. Mbavu zilimuuma hata kwa kupiga chafya, lakini si mbavu alizokuwa akiziwaza. Aliwaza zile hatua kumi na mbili. Kutoka mlango wa nyumba yake hadi barabara ya basi ni kama hatua elfu moja, na mwenye kukimbia elfu moja anaweza kukimbia zaidi. Hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata nchi nzima ilikuwa na wimbo mmoja, harambee. Iguhu wakaamua kujenga darasa la mawe. Mawe yalikuwa chini mtoni, na darasa lilikuwa juu kilimani. Mideva akajitolea kubeba. Cleophas alifurahi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa pale juu na daftari la majina, na mke wa liguru akibeba jiwe, nani atakataa kubeba? Hivyo akambebesha mwenyewe, mbele ya macho yake, kila siku isipokuwa Jumapili.

Siku ya kwanza alipanda mara mbili, akatapika. Baada ya mwezi alikuwa akipanda mara kumi. Nyumbani alimpakulia Cleophas obusuma, ugali wa kwao, na nyama, yeye akala mboga ya mrenda na kipande cha ugali cha kutosha kiganja. Alidai tumbo linamsumbua. Alipoteremka mtoni bila mzigo alikimbia, na wanawake wenzake wakamtania kwamba anakimbilia bwana wa majini. Mwili ukaanza kuyeyuka. Nguo alizipunguza mara moja, mara mbili, kisha akazikata na kushona upya. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ana kifua kikuu, wengine walisema amerogwa kwa wivu wa ile ngoma. Cleophas akakasirika, maana mke aliyekonda ni aibu kwa mwanamume, akampiga kwa kukonda kama alivyompiga kwa kucheza.

Kufika Machi 1965 uso wake ulikuwa na mifupa na miguu yake ilikuwa kamba tupu. Lakini ngozi haikukubali kuondoka na nyama. Ilibaki. Ilining'inia mikononi, ikakunjana mapajani, na tumboni ilishuka kama aproni ya mwashi hadi karibu na magoti. Alipotembea ilimpiga. Chini ya mkunjo palikuwa na joto na jasho, pakachubuka na kunuka, naye akapafunga kwa kitambaa cha kanga ya zamani. Alijiambia itarudi yenyewe.

Siku aliyoingoja ilifika Jumatano moja saa tisa mchana. Cleophas alirudi kutoka barazani akaukuta uji umepoa. Akalitoa rungu ukutani. Mideva hakulia wala hakuomba msamaha. Akatoka mlangoni kama swala.

Alizipita hatua kumi na mbili akiwa bado ana pumzi nyingi. Akapita ghala, akapita shamba la mihogo, akasikia buti za Cleophas nyuma yake na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akazisikia zikiachwa. Ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu kama kicheko. Kisha akafika kwenye ua wa miiba, akaruka, na ile ngozi ya tumbo ikaruka baada yake, ikanasa. Alijivuta. Ikachanika kidogo, ikanasuka, lakini kitambo hicho kilimtosha Cleophas. Aliushika ule mkunjo wa ubavuni kwa mkono wa kushoto, akauzungusha kwenye ngumi mara mbili, kama mtu wa Khayega anavyozungusha kamba ya fahali wake siku ya mapigano, akamvuta.

Alimrudisha nyumbani hivyo. Kupitia mihogo, kupitia ghala, mbele ya majirani waliokuwa wakipalilia. Mideva alipiga kelele ambazo hakujua anazo. Rungu halikutumika hata mara moja, halikuhitajika.

"Kumbe Mungu amenipa mshikio," Cleophas akasema.

Tangu siku hiyo alimshika hapo. Akitaka maji, alimshika hapo na kumwongoza hadi kwenye mtungi. Alipokosea, aliminya na kusokota hadi damu ikavilia zambarau, na alama za vidole vyake zikabaki pale kama muhuri. Mara moja alimfungia hapo kwa kamba ya katani, akaifunga kamba kwenye nguzo ya nyumba, akaenda kunywa busaa. Mideva aliikata kwa meno. Kidonda alichopata kwenye miiba kikaingia usaha. Wiki ya tatu alikuwa akiweweseka kwa homa, na harufu ikawatoa kuku ndani ya nyumba.

Liguru mwenye maiti ya mkewe angeulizwa maswali. Cleophas akawaambia wanawake wa jirani, "Mpelekeni. Akifa, isisemwe nilimzuia." Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakambeba hadi barabarani, na lori la kuni likamfikisha kwenye hospitali ya misheni.

Muuguzi aliyempokea alikuwa Mnandi mrefu aitwaye Chemutai, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alimvua nguo, akaosha kidonda, kisha akauinua ule mkunjo. Aliziona alama. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande mwingine.

"Mama, nani amekufanya hivi?"

"Miiba," Mideva akajibu.

"Miiba ina gumba?"

Mideva akageuza uso ukutani.

Sindano za penisilini zilimrudisha. Siku ya kumi na moja daktari alikuja kumwona akiwa ameketi. Alikuwa Daktari Mahmoud, kijana wa Kiislamu wa Mumias, aliyesomea Makerere kisha akapelekwa Uingereza ambako kwa miaka miwili hakufanya kazi nyingine ila kukata na kushona ngozi za watu walioungua. Aliugusa ule mkunjo kwa heshima, akiukunja na kuukunjua.

"Kidonda kimefunga, alhamdulillahi," akasema. "Hii ngozi sasa uifunge kwa kitambaa safi na uiweke kavu. Ikivutwa miaka mingi namna hii, hairudi tena."

"Ikate."

Daktari alidhani hakusikia vizuri. "Mama, hii si ugonjwa. Nitakukata kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile. Damu itakuwa nyingi. Watu hufa kwa chini ya hapo. Mimi simkati mtu kwa ajili ya urembo."

"Nani amesema urembo?" Mideva akainua shati la hospitali mwenyewe, mbele ya daktari na muuguzi na wagonjwa wa vitanda vya jirani. Akaishika ngozi yake, akaizungusha kwenye ngumi, akajivuta hadi karibu aanguke kitandani. "Hapa ndipo ninaposhikwa, daktari. Nilimaliza mwili wangu wote ili nikimbie. Hii peke yake ndiyo imebaki kwake. Ukikataa nitaikata mwenyewe, kisu ninacho nyumbani."

Daktari Mahmoud alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mume wako lazima atie kidole kwenye karatasi," akasema hatimaye.

"Mume wangu alikufa."

Chemutai alikuwa na kalamu mkononi. Alimtazama Mideva, akaitazama karatasi, akaandika: mjane. "Aliniambia ana kaka huko Kabras," akamwambia daktari bila kutikisa uso. "Nitamtumia ujumbe."

Patroba alifika baada ya siku mbili, suruali yake ikiwa bado na majivu ya mashamba ya miwa. Alitia kidole. Wakampima damu, ikafanana na ya dada yake, wakatoa chupa moja, kisha ya pili. Alipouliza shemeji amekufa kwa ugonjwa gani, Mideva alimwambia, "Nyamaza, kaka. Utoe damu."

Asubuhi ya siku yenyewe Daktari Mahmoud alimsimamisha na kumchora kwa dawa ya zambarau, mstari kutoka nyonga hadi nyonga, kama fundi anayechora kitambaa. Kisha meza, taa, na kinyago cha waya chenye pamba. Harufu tamu mbaya ilimwingia puani. Mwili wake ulioshikiliwa mara nyingi ulidhani unashikiliwa tena, ukapigana. Alimpiga teke msaidizi, akamkwaruza Chemutai shingoni, wakamlalia watu wanne mpaka nusukaputi ilipomzidi nguvu.

Walimkata kwa muda wa saa nne na nusu. Chemutai alimsimulia baadaye kwamba mara moja damu iliruka hadi kwenye kioo cha taa, na daktari akawa anasoma dua huku vidole vyake vikifunga mishipa mmoja mmoja. Chupa zote mbili za Patroba ziliingia. Walichokitoa kilipimwa: ratili kumi na tisa.

Alizinduka na maumivu ambayo hakuna rungu lililowahi kumpa. Ilikuwa kama amekatwa vipande viwili na kuunganishwa kwa misumari. Hakuweza kunyooka, walimlaza akiwa amekunjwa magoti. Lakini Chemutai alipogeuka, Mideva aliupeleka mkono chini polepole, juu ya bandeji, akatafuta. Hakupata kitu. Akalia hadi mishono ikamuuma, akajilazimisha kuacha.

Siku ya nane, saa ya kutazama wagonjwa, Cleophas akaingia wodini.

Alikuwa amesikia kwamba Patroba yuko hospitalini na kwamba mkewe amepasuliwa bila ruhusa yake. Alivaa koti la liguru, buti zimepigwa rangi, rungu chini ya kwapa. Aliwasalimu watu vizuri. Akauliza kitanda cha Mama Onesmus, kwa jina la mwanawe mkubwa, wakamwonyesha.

"Nimeambiwa mimi ni marehemu," akasema.

Cleophas akaupeleka mkono chini ya blanketi, moja kwa moja, kwa mazoea, mahali pake. Vidole vilikuta bandeji. Vikatafuta kulia, vikatafuta kushoto. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umejengwa ukuta. Akaichimba bandeji kwa kucha, akaivuta kwa nguvu zake zote, na mishono ya upande wa kushoto ikaachia mmoja baada ya mwingine.

Mideva alisikia ikiachia. Kando ya kitanda kulikuwa na chuma cha kutundikia chupa ya maji. Alikishika kwa mikono miwili, mikono ile iliyobeba mawe mwaka mzima, akakizungusha akiwa bado amelala. Kilimpata Cleophas kwenye taya. Akayumba, akanyanyua rungu. Chemutai alimrukia kutoka nyuma. Rungu likashuka kwenye mkono wake, likavunja kidole chake cha kati. Sasa Mideva alikuwa amesimama, amepinda kama kibiongo, damu ikitiririka mapajani. Alipiga tena. Alipiga goti la Cleophas, na alipoanguka alimpiga bega, akampiga mgongo, akampiga bila hesabu. Mwanamke wa kitanda cha tatu, aliyekuwa na mguu wa plasta, akamtupia Cleophas sufuria ya mkojo. Patroba alipofika akikimbia kutoka uani, kazi aliyoikuta ilikuwa kumzuia dada yake asiue.

"Basi, dada! Basi! Atakufia hapa!"

Walimrudisha Mideva mezani hapohapo. Nusukaputi haikufaa kwa sababu alikuwa ametoka kula, kwa hiyo Daktari Mahmoud alimshona kwa sindano kidogo za ganzi ambazo hazikufika kila mahali. Mideva aliuma taulo.

"Yule ni nani?" daktari akauliza baada ya kumaliza.

"Marehemu," Chemutai akajibu kwa niaba yake, akiwa ameushika mkono wake uliovimba.

Kesi ilisikizwa mbele ya hakimu. Kuhusu miaka ishirini na mitatu ya vipigo vya Mideva, hakimu alisema hayo ni mambo ya nyumbani, wazee wayatazame. Kuhusu kidole cha muuguzi aliyekuwa kazini, alimpa Cleophas miezi minane. Mideva alisikia hukumu hiyo akiwa amekaa mbele, akaona kidole kimoja cha Chemutai kimekuwa na thamani kuliko mbavu zake zote, na hakujua ashukuru au atukane. Akamwambia Chemutai pole. Chemutai akamwambia, "Pole ya nini? Kilikuwa kinaniuma hata kabla."

Jela aliyopelekwa Cleophas ilikuwa na watu waliomkumbuka. Watatu kati yao waliwahi kulala chini ya rungu lake. Alitoka baada ya miezi minane akiwa na jicho moja, akitembea kwa fimbo, na uliguru ulikuwa umeshapewa mtu mwingine. Mideva alipoletewa habari hizo alikuwa akipanda miwa. Alingoja furaha ije. Haikuja, alihisi tu uchovu, akaomba maji.

Alikaa Kabras, kwenye kipande cha shamba alichopewa na Patroba karibu na mto. Kovu lake lilipona vibaya upande wa kushoto, ule uliochanwa, likawa nene na lenye kupinda, na kitovu kilihama kikaenda kando. Sehemu kubwa ya tumbo ilikufa ganzi. Wakati wa mavuno jani la muwa lingeweza kumkata pale asijue mpaka aone gauni limelowa damu. Siku za baridi kovu lilimvuta, akatembea ameinama hadi jua lipande. Mikono na mapaja yalibaki na ngozi yake iliyolegea. Daktari Mahmoud alimwambia arudi aikate hiyo nayo, naye akasema hiyo haimdhuru mtu. Mara nyingine alipojitazama aliukumbuka ule mwili wa zamani, ule uliopishwa sokoni, na ulimuuma kama ndugu aliyekufa. Hakuna aliyeutendea ubaya ule mwili ila yeye na Cleophas.

Mwaka wa 1968, siku ya soko, jirani yake Selpher aliingia kwake mbio na mtoto mgongoni, damu ikimtoka puani, mumewe akiwa nyuma na panga. Mideva alisimama mlangoni na jembe. Hakutoa hotuba. Mwanamume alimwambia apishe, naye hakupisha. Alipoinua panga, Mideva alimkata mkononi kwa jembe, kipigo kimoja, na panga likaanguka kwenye majani ya miwa. Mwanamume akatazama mkono wake, akatazama jembe, akaondoka akitukana hadi sauti ikapotea.

Selpher alikaa siku tatu. Alimsaidia kupalilia, akala vizuri, uvimbe ukashuka. Siku ya nne asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, akasema anarudi kwake, kuku hawana mtu. Mideva alitaka kumzuia, lakini alijua uamuzi si wake. Akamkatia mkungu mdogo wa ndizi, akamsindikiza hadi kwenye barabara ya vumbi, akasimama mpaka Selpher alipopinda kona. Kisha akarudi shambani, maana magugu yalikuwa mengi na mvua ilikuwa imekaribia.